Jibu: Treni ya Chicago haikushushi Michigan Central

Habari, ndugu. Umeuliza kama ukitoka Chicago kwa Amtrak (treni za abiria za Marekani) utashukia Michigan Central, kituo cha zamani cha treni cha Detroit, ili uchukue hoteli jirani. Hapana, usilipie hoteli bado. Treni ya mwisho iliondoka pale Januari 1988. Ford, kampuni ya magari, walilinunua jengo 2018, wakalifungua tena Juni 2024, lakini treni haziingii. Mwaka 2025 ulitangazwa mpango wa kituo kipya jirani yake. Huo ni mpango tu.

Kwanza angalia tiketi yako: kituo kilichoandikwa Detroit kiko Woodward Avenue, mtaa wa New Center. Mimi nilishuka nikitazamia matao na marumaru, nikateremka ngazi toka jukwaani na kujikuta kwenye chumba cha kusubiria kama cha zahanati. Nilicheka peke yangu.

Ukitoka nje tu, panda tramu ya QLine hadi katikati ya jiji, haina nauli. Michigan Central iko magharibi zaidi, mtaa wa Corktown. Kutoka katikati chukua basi la Michigan Avenue, au tembea kama huna mizigo.

Halafu saa: Detroit iko saa moja mbele ya Chicago. Na usipange miadi ya kubana. Njiani, kati ya miji ya Porter na Kalamazoo, treni hukimbia hadi kilomita 177 kwa saa, ila karibu na Chicago inatumia reli pamoja na treni za mizigo, na hapo ndipo mnaposimama mkitazama mabehewa yakipita, moja, jingine, jingine.