Ukiomba FHEA andika "mimi", na karatasi za wanafunzi usitupe

Wenzangu mnaofundisha vyuoni huku kwetu, Maseno, Kakamega, Bondo, Njoro na kwingineko, tangu herufi FHEA (Fellow of the Higher Education Academy, utambuzi wa ufundishaji wa vyuo vikuu) zianze kuonekana chini ya jina langu kwenye imeili nimepigiwa simu nyingi za kuuliza nilizipataje, sasa acha niandike mara moja kila mtu asome kwa wakati wake.

Mwalimu wa gredi ya kwanza hapa Kenya haajiriwi bila namba ya TSC, ile tume ya walimu. Amesomea ualimu, amepelekwa shule ya mazoezi, kuna mtu amekaa nyuma ya darasa akimwangalia akifundisha. Lakini sisi wa yunivasiti unamaliza masomo yako, unapewa funguo ya ofisi na kozi tatu na orodha ya wanafunzi 240, haya enda ufundishe. Mimi nilifundisha takwimu miaka saba bila mtu hata mmoja kuniuliza kama najua kufundisha. Nilikuwa naiga tu walivyonifundisha mimi: noti, CAT mbili (vile vijaribio vya katikati ya muhula), mtihani, basi. Na wanafunzi wakianguka tunasema ni wavivu. Hiyo iliniuma sana nilipokuja kuielewa, ndio maana naona hii kitu ina maana hata kama haikuongezei shilingi.

Kwa kifupi, FHEA inatolewa na Advance HE ya Uingereza, ambayo ilianza 2018 baada ya mashirika matatu kuunganishwa, moja likiwa lile la Higher Education Academy lililoacha herufi zake hapo kwenye jina. Ngazi ni nne: Associate Fellow, Fellow, Senior Fellow na Principal Fellow. Lekchara anayebeba kozi zake mwenyewe kutoka mwanzo hadi mwisho kwa kawaida anaomba Fellow, na yule anayesaidia sehemu tu, kwa mfano mwanafunzi wa PhD anayesimamia maabara, anaanza na Associate. Wanakupima kwa mwongozo wao, toleo la sasa ni la 2023, lenye mambo matano unayofanya (kupanga masomo, kufundisha, kupima na kutoa mrejesho, kuwasaidia na kuwaelekeza wanafunzi, na kujiendeleza wewe mwenyewe), halafu kuna maarifa matano na maadili matano. Usome huo mwongozo polepole, na uusome tena. Si mrefu.

Sasa mimi nilikosea wapi. Ombi langu la kwanza lilirudishwa. Nilikuwa nimechukua sivii yangu nikaigeuza kuwa aya, nimefundisha kozi hii na hii, nimesimamia wanafunzi kadhaa wa masta, nimehudhuria warsha, na kila mahali nimeandika "sisi". "Sisi katika idara tunatumia mbinu shirikishi ili wanafunzi waelewe vizuri." Tumelelewa hivyo, mtu mzima hajisifu, kazi ni ya wote. Lakini anayesoma ombi lako hajakaa darasani kwako, akisoma "tunatumia mbinu shirikishi" hajui wewe ulisimama wapi ukafanya nini, na kwa nini ukachagua hiyo ukaacha nyingine. Hawakutaka nijisifu. Walitaka nieleze nilichoamua.

Kilichoniokoa ni karatasi. Kila wiki ya nne huwa nagawa vikaratasi, nusu ya nusu ya fulskapu, mwanafunzi anaandika bila jina jambo moja ambalo halijamwingia. Nazisoma kwenye matatu nikirudi Kisumu jioni. Mwaka mmoja karibu kila karatasi ilisema kitu kimoja, kwamba hawaelewi kwa nini sampuli mbili kutoka mahali pamoja zinatoa majibu tofauti na bado tunaziamini. Nilikuwa nimeifundisha hiyo kwa fomula ubaoni masaa mawili mazima.

Wiki iliyofuata nilipitia soko la Jubilee nikanunua omena gorogoro moja, nikaingia nayo darasani na rula. Kila kikundi kilichota samaki kumi bila kuchagua, wakapima urefu, wakaandika wastani ubaoni. Hakuna vikundi viwili vilivyolingana, lakini namba zote zilikuwa zimekusanyika mahali pamoja, na kijana mmoja wa nyuma akasema kwa sauti, "Kumbe zinazunguka palepale!" Hapo sikuhitaji kuongeza neno, fomula niliandika baadaye na safari hii walikuwa wananisubiri niiandike.

Lakini katika darasa hilo kulikuwa na msichana mwenye uoni hafifu, rula hakuweza kuisoma, akakaa pembeni mwenzake akimpimia. Hakulalamika. Mimi ndiye niliyemwona nikaenda nyumbani bila amani. Mwaka uliofuata niliacha omena nikaleta mahindi na maharagwe yamechanganywa, nyoyo mbichi kama tunavyoita huku, kila kikundi kinachota konzi moja na kuhesabu maharagwe ni mangapi kati ya punje zote. Hiyo unaijua kwa vidole, huhitaji macho. Somo ni lilelile, na kila mtu yuko ndani.

Hayo ndiyo niliyoandika kwenye ombi la pili. Darasa moja tu limebeba kupanga, kufundisha, kujua kama wameelewa, na lile adili la kumheshimu kila mwanafunzi na mahitaji yake, na vikaratasi ndio ushahidi. Nilieleza pia nilichosoma kuhusu jinsi watu wanavyojifunza kwa kuanza na kitu wanachokijua, kwa sababu wanataka uonyeshe kwamba hukubahatisha. Na nilisema wazi kipi hakikufanya kazi mwaka wa kwanza. Niliogopa kuandika hiyo sehemu, nikidhani watanihesabia kosa, kumbe ndio sehemu yenye nguvu zaidi kwenye ombi lote.

Kwa hivyo nakuomba, kama unafikiria kuomba mwakani, anza leo kuweka vitu. Asaimenti uliyobadilisha, weka ya zamani na mpya pamoja. Ujumbe wa WhatsApp kutoka kwa klas rep akisema mrejesho wako umesaidia, uhifadhi kabla simu haijapotea. Mimi nina katoni chini ya meza na daftari ambalo kila Ijumaa naandika mistari mitatu: nimefanya nini, kwa nini, imekuwaje. Dakika tano.

Kuhusu pesa na cheo niseme ukweli. Ada ni kwa pauni na inauma, vyuo ambavyo ni wanachama watu wao wanalipa kidogo, kwa hivyo kabla ya kutoa hata senti uliza ofisi ya ubora ya chuo chako kama ni mwanachama ama kama kuna bajeti ya mafunzo. Na hizo herufi peke yake hazikupandishi cheo hapa Kenya, vigezo vya kupandishwa cheo vyuoni vimeegemea PhD na machapisho, hiyo utaendelea nayo tu. Mimi naona si haki, mtu anayekesha kusahihisha kazi za watu mia mbili na kuwaandikia maoni ya maana anastahili kuhesabiwa pia, na nitaendelea kusema hivyo kwenye kila mkutano wa idara.

Utahitaji watu wawili wa kukuandikia barua za kukuunga mkono. Usitafute mkubwa mwenye jina ambaye hajawahi kukuona ukifundisha, atakuandikia sifa za jumla ambazo hazisaidii. Mwite mwenzako darasani kwako mara mbili tatu muhula huu, akae nyuma aone, halafu mpe ule mwongozo aandike akiwa nao mkononi. Na rasimu yako mpe mtu wa idara nyingine kabisa, mimi nilimpa mwalimu wa fasihi. Kila mahali atakapouliza "lakini kwa nini ulifanya hivyo?" weka alama ukaandike upya. Yangu ilirudi na alama kumi na moja, nikakaa nayo wiki mbili zaidi ndipo nikaituma.