Jani la mwembe lilipogeuka buluu

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Hili jani la mwembe mbona limegeuka buluu?"

Nilikuwa ndani ya daladala, nikadhani kakosea namba. Kumbe ni mama mmoja wa hapa hapa Tanga, aliyekuwa na picha yangu ukutani mwaka wa pili sasa. Picha yenyewe ni ya majimoto, wale sisimizi wekundu wanaoshona majani ya mwembe kuwa kiota. Mmoja kambana buu kwa taya zake, anampitisha huku na huku kati ya majani mawili kama fundi viatu na sindano yake, na uzi wa hariri unatoka mdomoni mwa yule buu. Nilitangaza kwamba nitauza nakala 20 tu, basi. Yake ilikuwa ya 2.

Jioni nikaenda kuitazama. Ilikuwa imetundikwa ukuta unaopigwa na jua la asubuhi kutoka baharini. Karatasi imefanya mawimbi, kona moja imenata kwenye kioo, na rangi ya njano imekwenda zake. Kijani kikiondolewa njano, kinachobaki ni buluu. Mama alikuwa sahihi kabisa, na mimi nilikuwa nimemuuzia kitu cha kudumu kwenye karatasi ya picha za pasipoti.

Kosa lilikuwa langu. Nilipeleka faili duka la kusafisha picha, nikachagua karatasi ya kung'aa kwa sababu inavutia macho, sikuuliza wino. Wino wa printa nyingi za bei ya chini rangi yake imeyeyuka kama sukari kwenye chai. Mwanga unaimaliza upesi. Wa pigmenti ni chembe ndogo zinazokaa juu ya karatasi, nao huvumilia miaka mingi zaidi. Sasa nachapa kwa pigmenti, kwenye karatasi ya pamba isiyo na asidi, nzito, gramu 300 kwa mita ya mraba. Haing'ai, na kwa wadudu hilo ni jema, maana mng'ao wa gamba la mdudu unabaki wake, hauchanganyiki na mng'ao wa karatasi. Kati ya picha na kioo naweka kadibodi iliyokatwa dirisha, ili visigusane. Kwa unyevu wetu wa pwani, picha iliyolala juu ya kioo itanata tu, au itaota ukungu.

Lakini kabla ya wino kuna suala la ukali wa picha, na hapa ndipo wapigapicha wengi wa vitu vidogo tunajidanganya kwa skrini ya simu. Fanya hesabu nami. Lenzi ya makro (ya kupiga vitu vidogo kwa karibu) yenye uwiano wa 1:1 inamweka mdudu kwenye kihisi cha kamera kwa ukubwa wake halisi. Kihisi kamili, kile kinachoitwa full frame, kina upana wa milimita 36. Ukichapa upana wa sentimita 60, umekuza karibu mara 17, na jimoto wa milimita 8 anakuwa na urefu wa zaidi ya sentimita 13 ukutani. Kila kosa nalo limekua naye. Vumbi kwenye kipapasio linakuwa kokoto. Jicho lililokosa fokasi kwa nusu milimita linaonekana tangu mlangoni.

Usikimbilie kufunga tundu la lenzi ili sehemu kubwa ya mdudu iwe kali. Kwa uwiano huo wa 1:1, tundu la f/11 uliloweka linafanya kazi kama f/22, dogo zaidi, na picha nzima inalainika. Mimi napiga fremu nyingi, kila moja fokasi imesogea kidogo, kisha naziunganisha kwenye kompyuta. Kwa vunjajungu aliyetulia alfajiri inawezekana. Kwa majimoto sahau. Hawatulii, wanang'ata, wanakunyunyizia asidi juu ya jeraha, ndipo utajua jina lao lilikotoka. Ile picha ya mama ni fremu moja, iliyopatikana siku ya nne, mikono yote imevimba. (Wakulima wa minazi wanaochoma viota vyao wangejua jinsi wanavyofukuza kunguni wa minazi, wangewavumilia.)

Pia usikate sana kingo za picha. Kamera ya megapikseli 24 ina pikseli 6,000 kwa upana. Kwa sentimita 60 hiyo ni kama 250 kwa inchi, inatosha. Ukibakiza nusu ya fremu, chapa ndogo au piga upya.

Sasa hizo nakala 20. Idadi ni ahadi, na ahadi yenye mwanya italeta ugomvi. Mwaka 2012 mkusanyaji Jonathan Sobel alimshtaki mpigapicha wa Marekani William Eggleston, kwa sababu picha ambazo Sobel alikuwa nazo kama za nakala chache zilichapwa upya, kubwa zaidi, kwa teknolojia nyingine, zikauzwa mnadani. Mwaka uliofuata jaji aliyatupa madai: toleo jipya lilihesabika kuwa toleo jingine. Kisheria Eggleston alishinda. Lakini mimi nauza kwa watu ninaokutana nao sokoni na msikitini. Ushindi wa namna hiyo ungenifungia mlango.

Hoteli moja ilipotaka majimoto wale wale kwa upana wa mita moja, pesa nzuri tu, nilikataa huku roho inauma, kwa sababu cheti changu cha kwanza, kile ninachompa mnunuzi pamoja na picha, hakikusema lolote kuhusu ukubwa. Leo cheti kinasema: nakala 20 kwa jumla, za ukubwa wowote, pamoja na 2 za msanii mwenyewe, aina ya karatasi, aina ya wino, mwaka wa kuchapwa. Namba na sahihi naweka kwa penseli kwenye ukingo mweupe chini ya picha. Wino wa kalamu hupenya karatasi na kupauka. Na kuna daftari la shule, la mistari, lenye jina la kila mnunuzi na tarehe. Usichape zote kwa mpigo. Chapa kila inaponunuliwa, mradi karatasi na wino ni vile vile.

Nakala ya 2 niliichapa upya kwa gharama yangu. Ile ya zamani niliichana mbele ya mama, nikaandika daftarini, ndipo nikaweka 2/20 kwenye mpya. Yeye akashangaa kwa nini naichana, si ningempa mjukuu wake? Nikamweleza kwamba zikiwapo namba 2 mbili, ya kwake haina thamani. Akaniambia basi nichane vizuri, vipande vidogo.

Wengine watakwambia ufute faili nakala ya mwisho ikiuzwa. Mimi sifuti. Ipo siku nitaitaka kwa kitabu, na cheti kinasema hivyo: kitabu ruksa, ukuta hapana.