Ryzen 5 5600 kwenye mazabodi ya B450: angalia haya kabla hujalipa

Mkuu, umeuliza kama prosesa ya Ryzen 5 5600 itakaa kwenye mazabodi ya B450 ya mtumba, na kama pawasaplai ya wati 450 itatosha kwa kadi ya grafiki ya RTX 3060.

Kukaa itakaa, soketi ni ile ile AM4. Kinachosumbua ni BIOS, yaani programu ya ndani ya bodi inayoiwasha kompyuta: bodi nyingi za B450 zilitoka kiwandani kabla ya prosesa hizi, hivyo kama BIOS haijasasishwa, feni zitazunguka na skrini itabaki nyeusi. Mwambie muuzaji aiwashe mbele yako kwa prosesa ya zamani, usome toleo la BIOS, kisha ulilinganishe na orodha ya prosesa kwenye tovuti ya mtengenezaji. Kama bodi ina kitufe cha kusasisha BIOS kwa flashi, umepona.

5600 haina grafiki ya ndani, yaani haitoi picha bila kadi. Yenye nayo ni 5600G. RAM chukua DDR4, mbili za 8GB badala ya moja ya 16GB, uzichomeke nafasi ya pili na ya nne kuhesabu kutoka kwenye prosesa.

3060 peke yake inakula wati 170, na Nvidia, wenye kadi hiyo, wanapendekeza pawasaplai ya wati 550, kwa hiyo 450 iache. Pawasaplai nunua mpya, tafadhali. Ya mtumba ikifa vibaya inaweza kuondoka na bodi pamoja na kadi.