Mwanangu, hukukosea popote

Mwanangu,

Ujumbe wako niliusoma mara mbili jana usiku. Unauliza ulikosea wapi hata mwanao akazaliwa tundu la mkojo likiwa chini ya uume badala ya kwenye ncha. Nimezalisha wanawake miaka 30 hapa Tanga, nakujibu kama mkunga na kama mama yako: hukukosea popote.

Wiki 6 za mwanzo tangu mimba itungwe, huwezi kumtofautisha wa kike na wa kiume kwa viungo. Wote wana vitezi viwili ambavyo bado vinaweza kuwa ovari au korodani. Kisha, kwa mwenye kromosomu Y, ile anayoirithi mtoto wa kiume kutoka kwa baba, jeni (agizo la urithi) iitwayo SRY huamka. Iligunduliwa London mwaka 1990. Mwaka uliofuata ikapandikizwa kwenye kiinitete cha panya jike, akazaliwa dume. SRY huiamsha jeni ya SOX9, vitezi vikawa korodani, nazo zikaanza kutoa testosteroni, homoni ya kiume.

Kwa viungo vya nje testosteroni peke yake haitoshi. Kuna kimeng'enya, kichocheo cha mwilini, kinachoigeuza kuwa homoni kali zaidi, na hiyo ndiyo inayokifunga kifereji kilicho chini ya uume, kuanzia shinani kuelekea kichwani, kama mtu anayeshona mfuko. Kwa mjukuu wangu mshono uliishia njiani, nawe hata tumbo lilikuwa halijaonekana. Pengine kuna jeni yenye hitilafu. Mara nyingi sababu haipatikani hata ikitafutwa. Pilipili ulizokula hazimo, na ugomvi wako na wifi haumo.

Sasa nakusihi. Umesema baba mkwe wako anataka mtoto atahiriwe kabla ya arobaini. Mwambieni kwa heshima, lakini mkatae. Ngozi ya govi ndiyo daktari wa upasuaji anayoweza kuitumia kutengeneza njia ya mkojo, mara nyingi mtoto akiwa na miezi 6 hadi 18. Niliwahi kuletewa mtoto aliyekwisha kukatwa. Mama yake alifunua kanga, akaniangalia usoni, nikakosa la kumwambia.

Jingine: ukishamwogesha maji ya vuguvugu, mpapase taratibu. Korodani zote mbili zimeshuka? Ikikosekana hata moja tu kati yake, usingoje miezi hiyo. Mpeleke wiki hii apimwe homoni na kromosomu.

Ijumaa napanda basi. Baba mkwe wako nitazungumza naye mwenyewe.

Mama yako