Mti mmoja, bei mbili

SWALI: Nina mwarobaini uani kwangu Ipagala, Dodoma. Umepita paa, na tawi moja kubwa limelalia bati. Fundi wa kwanza anataka shilingi 120,000 kuuondoa, wa pili 400,000. Nani kati yao ananipiga?

JIBU: Huenda hakuna anayekupiga. Muulize kila mmoja bei yake inaishia wapi. Ile ndogo mara nyingi huishia mti ukiwa chini: matawi yamejaa uani, kisiki kipo palepale, na bati likitoboka ni shauri lako.

Mti wenye uwazi wa mara mbili ya urefu wake huangushwa mzima. Wako hauna pa kuangukia. Lazima mtu apande, aukate vipande kuanzia juu, na kila kipande kizito kifungwe kamba kabla ya kukatwa ili wa chini akiteremshe taratibu. Pima mzingo wa shina kwa futi ya cherehani: ukipata sentimita 157, kipenyo ni 50, na kila mita moja ya gogo hilo bichi inaweza kuzidi kilo 150. Hapo ndipo pesa inapokwenda.

Tawi la kwenye bati ndilo litakalokuonyesha fundi ni nani. Likikatwa kwa juu tu, uzito hulivunja msumeno haujamaliza. Gome huchanika hadi shinani na tawi hubembea kumfuata aliyepanda. Anayejua huanza kwa chini, sentimita 30 hivi kutoka shinani, akaingia theluthi ya unene, kisha hukata kwa juu mbele kidogo ya pale. Mwambie akueleze atalikataje, kabla hamjazungumza bei.

Kisiki nacho kina gharama yake. Mwarobaini huchipua tena, na kiangazi udongo wa Dodoma ni mgumu kweli. Kumwagia maji siku mbili kabla kunapunguza kazi ya sururu. Kikiwa kimegusana na msingi wa nyumba, msikichimbe. Kibandueni gome, mkate machipukizi kila yanapotoka.

Waya wa umeme ukipita karibu, asipande mtu mpaka TANESCO wakate umeme. Ulizia pia kibali serikali ya mtaa. Kuni zikichukuliwa na fundi, thamani yake itoke kwenye bei. Nusu ya malipo ibaki mkononi mwako mpaka matawi yameondoka na shimo la kisiki limefukiwa.