Muulize Fundi: Taa ndogo ya gesi ya kutia kwenye shanta

SWALI: Shikamoo, mzee. Mimi ni mwalimu hapa Malindi. Disemba shule zikifungwa, nataka kutembea na wenzangu watatu kutoka Shela hadi Kipungani, kisiwani Lamu, kwa njia ya ufukweni, tulale kwenye hema siku mbili. Mwakani, inshallah, tupande Mlima Kenya. Natafuta taa ndogo ya gesi. Nimeonyeshwa ya kioo na ya wavu wa waya. Ninunue ipi? Na je, yaweza kufungwa kwenye mtungi wetu wa nyumbani?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nimetengeneza karabai za wavuvi hapa Langoni, Lamu, tangu ujana wangu, na taa yako ni mjukuu wa karabai: mafuta yametoka, gesi imeingia, utambi ni ule ule.

Nunua ya wavu. Wavu hupunguza mwanga kidogo, na kaskazi ikivuma itabidi uiweke nyuma ya mizigo, lakini haivunjiki. Mimi niliwahi kwenda Kiwayu na ya kioo, nimeizungushia kikoi mara mbili. Tuliposhuka mashuani kikoi kilikuwa kimejaa vigae.

Utambi ndio roho ya taa. Ni kitambaa mfano wa soksi ya mtoto mchanga. Ukifunge, kisha ukichome kwa kiberiti kabla ya kufungulia gesi, kinywee na kugeuka cheupe. Kuanzia hapo si kitambaa tena. Ukikigusa kwa ncha ya kidole kinamung'unyika kama jivu la udi. Kwa hiyo beba tambi za akiba, tatu au nne, na ukiona tundu badilisha mara moja, maana moto hutokea pale pale na kuunguza wavu. Kama taa ni ya kioo, hukipasua. Cheche za kubonyeza usizitegemee, chumvi ya bahari huziua. Chukua kiberiti, ukifunge ndani ya mfuko wa plastiki.

Mtungi wa nyumbani, hapana. Kichwa chake ni kingine kabisa, na usikubali kuuziwa kiunganishi cha kubahatisha. Taa yako yataka kikopo kifupi cha hesi, yaani chenye mdomo wa kuzungusha kama skrubu, cha gramu 100 au 230 hivi. Vile virefu vya majiko ya mezani havina hesi, na vingi ni butani tupu. Kwetu butani yawaka bila taabu. Mlimani, baridi ikikaribia sifuri, inagoma kugeuka mvuke, na kilele cha Lenana kiko mita 4,985. Huko tafuta kikopo chenye mchanganyiko wa isobutani na propani. Boksi la taa huandika inakula gramu ngapi kwa saa: ikiwa 30, kikopo cha 230 kitakupa saa saba na kitu.

Kabla ya kuwasha, pangusa mchanga kwenye hesi, funga kwa mkono, kisha paka povu la sabuni kwenye maungio. Likitoa mapovu, gesi inavuja. Ndani ya mashua usiifungue kabisa: gesi hii ni nzito kuliko hewa, inashuka na kutulia kwenye ngama, kule chini kabisa ya mashua, ikingoja sigara ya nahodha.

Na hili nakuomba kama babako. Usiwashe ndani ya hema. Usiku mmoja wa masika kule Manda, mvua ilitufungia, tukaiwasha ndani na kufunga zipu. Baada ya muda kichwa kilinigonga, mwenzangu akaanza kutapika, na hatukunusa chochote. Hewa ya sumu ile haina harufu. Tulitoka mvuani tukikaa kitako kwenye matope hadi alfajiri. Ndani ya hema tumia tochi ya kichwani.

Ufukweni punguza mwanga, na ukiona kasa anapanda kutaga au vitoto vyake vinatoka mchangani, zima kabisa. Taa huvipoteza njia ya baharini.

Mkiamua kuja Lamu kwa ndege, vikopo haviruhusiwi, si mkononi wala kwenye mzigo wa chini. Njooni kwa basi hadi Mokowe, lakini muulizeni kwanza wenye basi kama wanakubali gesi. Mkishavuka, niulize barazani Langoni. Leta taa, tufunge utambi wa kwanza pamoja.