Anza na Spitfire, Mustang isubiri

Mdogo wangu, umeuliza, kwenye mchezo wa kompyuta wa kurusha ndege, uanze na Mustang au Spitfire, zile ndege za kivita za Vita vya Pili vya Dunia. Chukua Spitfire. Inakata kona fupi, na ukivuta stiki (mpini wa kuongozea ndege) kupita kiasi inatetemeka kwanza kabla ya kudondoka, kwa hiyo unapata nafasi ya kulegeza mkono. Mustang inataka mwendo na kimo. Ukiipigisha kona za chinichini umekwisha. Ila Spitfire za 1940 zina kabureta: ukisukuma pua chini ghafla mafuta yanavurugika humo na injini inakata. Ukitaka kushuka ghafla, pindua ndege chali kwanza, ndipo uvute stiki. Kutua nako kuna kazi, magurudumu yamekaribiana mno, inayumba kama bodaboda kwenye tope la mtaa wa Pasua. Upo Moshi? Njoo Jumamosi jioni, tuna stiki mbili, nitaruka ubavuni mwako.